Koti la watu

Najua wengi mshasikia ya swahiba wangu, kashairusha kwenye grupu la Wabongo wa Kampala eti nimekamatwa benki na suti ya wizi. Muongo yule. Haikuwa suti, lilikuwa koti tu.

Si mnajua mgeni akitaka akaunti hapa Uganda: pasi, kibali cha kazi, barua ya mwajiri, barua ya mwenyekiti wa LC1 (serikali ya mtaa ya huku) yenye muhuri, halafu na picha za pasipoti saizi. Vyote ninavyo kasoro picha. Tukachepuka kistudio kimoja uchochoroni karibu na Kampala Road, jamaa akanivua fulana akanivalisha koti lao lile lililoshonewa kola na tai kwa mbele (mnalijua, msijifanye, nusu yenu vitambulisho vyenu vina tai hiyo hiyo). Picha zinatoka tu swahiba kaanza kelele benki wanafunga, boda imeshawaka, tukaruka.

Sasa benki. Nimesimama foleni kidume, nasikia watu nyuma wananong'ona, nikajua tai inafanya kazi. Nikajinyoosha zaidi! Dada wa dirishani akanisukumia fomu, sahihi iwe kama ya kwenye pasi, ndo nainama niandike nasikia ubaridi wa kiyoyozi unanitambaa mgongoni. Napeleka mkono nyuma polepole. Kibanio cha nguo. Nashuka kidogo, kibanio kingine. Nashuka tena, ngozi. Ngozi yangu mwenyewe jamani! Kumbe koti nyuma limepasuliwa toka kola hadi chini ili mwembamba na mnene wote liwatoshe.

Hapo hapo mlango unafunguka, jamaa wa studio anahema, "Kkooti yange!" Benki nzima kimya. Askari wa mlangoni, ndiye pekee niliyemsikia na Kiswahili humo ndani, bunduki begani, akanitafsiria kwa sauti ya gwaride: "Wewe! Toa koti ya watu!" Nikamnong'oneza, afande, ndani sina kitu. Akatafsiri na hiyo. Kwa Kiganda, sauti ile ile.

Nikavua. Fulana jamaa hakuja nayo. Mnadhani swahiba alinipa shati lake? Alikuwa anarekodi.

Akaunti imefunguka, sahihi imetoka kama mjusi kakanyagwa lakini dada kaipokea, nadhani alitaka tu niondoke. Kadi ya ATM nikaichukue wiki ijayo pale pale, na afande kaniambia zamu ni yake.