Kiko Kilichogeuka Kisu

Jumamosi moja mimi na dada mmoja wa Mombasa, mkalimani mwenzangu hapa London, tulijiunga na ziara ya usiku ya Whitechapel, mtaa wa mashariki ya London. Unalipa, mnakusanyika nje ya kituo cha treni, kisha jamaa mwenye kofia ndefu anawazungusha vichochoroni akiwasimulia jinsi Jack the Ripper, muuaji asiyejulikana hadi leo, alivyowaua wanawake mwaka 1888. Kwenye kona ya Osborn Street na Brick Lane alisimama nusu dakika. Akasema hapa alishambuliwa mwanamke anayeitwa Emma Smith, ila huyu hahesabiwi kati ya waliouawa na Jack, haya twendeni. Dada akaninong'oneza, "Kwani huyu si alisema mwenyewe waliomuua?"

Alisema, na ndiyo maana nimekaa kuandika.

Swali la kama wanawake wa Whitechapel waliuawa na genge au mtu mmoja lina zaidi ya miaka 130, na wanaolibishania kwa kawaida wanachagua upande mmoja na kuuvuta hadi ufunike kila kitu. Mimi naona jibu linategemea unamzungumzia mwanamke yupi. Polisi wa London walikuwa na faili moja la mauaji ya Whitechapel, nalo lina vifo 11, kuanzia Aprili 1888 hadi Februari 1891. Hao 11 wamekutanishwa na faili. Kwamba wameuawa na mtu yuleyule ni jambo jingine, linalotaka ushahidi wake.

Anza na Emma. Alikuwa na miaka 45, akijiuza ili apate pa kulala. Alfajiri ya tarehe 3 Aprili 1888 alikabwa na wanaume wawili au watatu. Walimpiga, wakamwibia, wakamuumiza sehemu za siri kwa kitu butu kiasi kwamba tumbo liliingia uambukizo. Haya aliyasema mwenyewe, kwa kinywa chake, kwa daktari wa London Hospital, na akaongeza kwamba mmoja wao alionekana kijana wa miaka kama 19. Asubuhi iliyofuata akafariki. Polisi walikuja kupata habari siku mbili baadaye, walipoarifiwa kwamba uchunguzi wa kifo unafanyika. Hakuna konstebo wa zamu aliyekuwa ameona wala kusikia kitu. Hakuna aliyekamatwa.

Sasa tuna marehemu aliyetuachia maelezo kamili, na bado kuna watu wanaoandika kwamba aliuawa na Jack ila alitunga hadithi ya wanaume watatu. Kwa nini atunge? Wengine wanakwenda upande wa pili na kulitaja genge kwa jina, Old Nichol, kwa sababu Old Nichol ilikuwa mtaa wa mabanda karibu na pale, wenye sifa mbaya. Emma hakutaja jina la genge lolote. Alisema wanaume wawili au watatu, basi. Mimi nabaki hapo alipobaki yeye.

Tatizo la watetezi wa genge linaanza pale wanapotaka kuwabebesha vibaka hawa na wale wengine wote. Agosti tarehe 7 aliuawa Martha Tabram kwenye ngazi za jengo la George Yard, majeraha 39 ya kisu. Daktari aliona kama silaha mbili: kisu kidogo, na kitu kirefu mfano wa singe kilichopenya mfupa wa kifua. Rafiki yake alieleza kwamba usiku ule walikuwa na wanajeshi wawili. Akapelekwa kwenye kambi awatambue. Kambi moja hakumtambua yeyote, nyingine akawanyooshea kidole wawili ambao wote walithibitika walikuwa kwingine. Silaha mbili zinaweza kuwa watu wawili, au mtu mmoja mwenye visu viwili. Kwa Tabram siweki dau.

Lakini njoo Mitre Square, usiku wa tarehe 30 Septemba. Konstebo Edward Watkins alipita uwanjani pale saa saba na nusu usiku, akamulika taa yake, hakuona mtu. Saa nane kasoro robo akarudi, akamkuta Catherine Eddowes ameshakufa: koo limekatwa, uso umechanwa, tumbo limepasuliwa, figo ya kushoto haipo. Dakika kumi na tano, gizani. Wiki tatu kabla, Annie Chapman alikuwa ameondolewa mfuko wa uzazi nyuma ya nyumba namba 29 Hanbury Street, nyumba iliyojaa wapangaji waliolala. Genge la vibaka lina kazi gani na figo? Genge linataka peni zako, likizikosa linakupiga. Wanawake hawa hata peni nne za kitanda hawakuwa nazo. Mary Ann Nichols, aliyeuawa Agosti 31, alifukuzwa gesti usiku uleule kwa kukosa hizo peni nne, akatoka akicheka, akijisifia kofia yake mpya kwamba itamletea pesa. Hapo hapana cha kupora.

Halafu kuna wazee wetu: siri ya mtungi aijuaye kata. Genge ni mtungi wenye kata nyingi. Baada ya Eddowes, upande wa City, eneo la kati la London lenye utawala wake, ulitangaza zawadi ya pauni 500. Fanya hesabu ya zama zile, pauni moja ni peni 240. Pauni 500 ni vitanda 30,000, yaani miaka 82 ya kulala bila kufukuzwa na mtu. Na Novemba 10, siku moja baada ya Mary Jane Kelly kukutwa ameuawa chumbani kwake Miller's Court, serikali ikaahidi msamaha kwa mshiriki yeyote ambaye si yeye aliyeua, mradi aseme. Maana yake wakubwa wenyewe waliwahi kufikiria kuna zaidi ya mmoja. Zawadi ipo, msamaha upo, mtaa una njaa. Hakuna kata iliyosema. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko maelezo ya madaktari wote.

Kipande cha ushahidi kinachopendwa sana na watetezi wa genge ni cha Berner Street, usiku uleule wa Eddowes, dakika chache kabla Elizabeth Stride hajakutwa amekatwa koo. Na hapa ndipo kazi yangu inanifanya nicheke peke yangu. Shahidi ni Israel Schwartz, mhamiaji kutoka Hungaria asiyejua Kiingereza. Aliona mwanamume akimvuta na kumwangusha mwanamke. Upande wa pili wa barabara alikuwapo mtu mwingine akiwasha kiko. Yule wa kwanza akapiga kelele, "Lipski!" Schwartz akaondoka, yule wa pili akaja nyuma yake, Schwartz akatimua mbio. Hayo ndiyo aliyowaambia polisi, kupitia mkalimani. Kisha ripota wa gazeti la Star akamtafuta, naye akiwa na mkalimani, na gazetini yule wa pili hakushika kiko tena, alishika kisu. Kiko kikawa kisu, na mvuta tumbaku akawa mshirika wa muuaji.

Nimekaa katikati ya watu wawili wasioelewana kwa miaka sasa, najua neno linavyosafiri. Mtu aliyekimbia kwa hofu anasimulia kwa mikono zaidi ya mdomo, mkalimani anajaza mapengo, mwandishi anataka habari iuzike. "Lipski" lenyewe lilitatanisha. Israel Lipski alikuwa Myahudi aliyenyongwa mwaka 1887 kwa mauaji ya mtaa wa jirani, na jina lake likageuka tusi la kuwatukania Wayahudi. Je, lilirushwa kwa mwenye kiko, kwamba ndilo jina lake? Au lilirushwa kwa Schwartz, aliyekuwa na sura ya Kiyahudi? Inspekta Abberline alimbana sana. Schwartz hakuweza kusema. Abberline mwenyewe akaona ni tusi kwa Schwartz. Nami nakubaliana naye. Genge lililojengwa juu ya kiko na tusi halisimami.

Kwa hiyo Nichols, Chapman, Eddowes, Kelly: mtu mmoja. Stride nasitasita, maana alikatwa koo tu, ingawa wanaosema muuaji alishtuliwa na mwenye farasi aliyeingia uani saa saba kamili wana hoja. Ile orodha maarufu ya wanawake watano wanaohesabiwa kuwa wa Jack imekuwa kama msahafu kwa sababu Melville Macnaghten, mkubwa wa polisi, aliandika mwaka 1894 kwamba ni watano na watano tu. Macnaghten alijiunga na polisi wa London mwaka 1889. Mauaji hayo matano yalipotokea hakuwapo.

Na Emma? Genge. Vijana wa mtaani wasio na jina, ambao huenda walizeeka palepale wakisoma habari za Jack kama watu wengine wote.

Ziara ilipoisha, jamaa wa kofia akiuza vikombe na sumaku za friji, mimi na dada tulirudi kwenye ile kona. Emma alikuwa akilala George Street namba 18, na wakati wa kupelekwa hospitali aliwapita askari bila kuwaambia neno. Tulitembea kutoka konani hadi pale mtaa ule ulipokuwa. Dakika kumi hazikufika, na dada alisimama mara moja kufunga kamba za kiatu. Emma alishambuliwa kama saa saba na nusu usiku. Aliingia gesti kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri, akiwa amejizibia damu kwa shali yake.