Hasi mara hasi, shangazi akapata hasara

Fomu wani ticha alituimbisha wiki nzima: "Hasi mara hasi, chanya!" Darasa zima tunapiga meza. Sasa mi hiyo "mara" sikuisikia kama ya kuzidisha, niliisikia kama ya kwenye hadithi, yaani palikuwa na hasi moja imekaa zake, mara ikatokea hasi nyingine, paa, chanya! Nikaona mbona aljebra rahisi, watu wanalia nini.

Likizo ya mwezi wa 6 nikaenda kumsaidia shangazi pale Kibirizi, Kigoma, anauza dagaa na mawese. Kauntabuku lake la madeni lilikuwa limeloa mafuta mpaka kurasa zinaonyesha upande wa pili, na kila mtu kaandikwa kwa mkao wake, "mrefu wa baiskeli 8,000", "yule wa gongo la mkono 2,500". Mi nikasema hapana, tuwe wa kisasa. Mwenye deni anapewa hasi, aliyetanguliza hela anapewa chanya. Mpaka hapo jamani nilikuwa sahihi kabisa, naomba mnipe hiyo.

Shangazi kaenda msibani Ujiji, kaniachia meza. Akaja mrefu wa baiskeli, akanisalimia Kiha, "Mwakeye," nikamwitikia, akachukua dagaa wa elfu nne, niandikie. Nikaandika −8,000 − 4,000. Nikaangalia. Hasi, mara hasi! Nikamalizia kwa mbwembwe: = +12,000.

Nikamwambia mzee una elfu kumi na mbili yako hapa.

Akacheka, "Kijana una uhakika? Mi si ndo nadaiwa?" Nikamtolea somo, mpaka mama wa mihogo wa meza ya pili akasogea kusikiliza. Mzee akasema haya bwana, we ndo msomi, akapokea noti, akapanda baiskeli, na hakupiga hata kengele. Nikaandika 12,000 − 12,000 = 0, AMEMALIZA, nikapigia mistari miwili.

Shangazi aliporudi akauliza mbona boksi jepesi. Nikamfungulia ukurasa kwa fahari. Alikaa juu ya dumu la mawese, kimya, kanga imemdondoka begani hata hakuiokota. Mtu alikuwa anadaiwa elfu nane, kakopa nne, kapewa na kumi na mbili taslimu, deni la kweli elfu ishirini na nne, na daftari linasema sifuri.

"We mtoto," akasema polepole, "mtu kapiga mbizi, yuko huko huko chini kapiga mbizi tena, ataibukia juu ya mwembe wa Ujiji?"

Kutoka hapo sikuhitaji ticha, ila shule ilipofunguliwa nilimuuliza hivyohivyo. Akachora mstari wa kusimama, sifuri ni usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kama mita 770 juu, kina chake penye kina zaidi kama 1,470, haya toa. Inakuja kama −700! Yaani hapa kwetu, maili kibao kutoka baharini, sakafu ya ziwa ni namba hasi, na ukichimba mita 10 zaidi unapata −710, huruki kwenda mawinguni. Ile "mara" ni ya kuzidisha tu. Hasi mbili zinageuka chanya pia ukiondoa hasi, kama shangazi alivyomfutia mama wa mihogo deni la elfu tatu alipofiwa, kaondoa −3,000, mama kapanda kwa elfu tatu bila kupewa hata mia. Hayo shangazi alikuwa anayafanya miaka yote na hajawahi kuimba.

Mrefu wa baiskeli alilipa kidogokidogo mpaka Krismasi, mwungwana tu yule. Shida ni wengine, habari ilikuwa imeshafika mpaka Katonga, kila asubuhi mtu anachungulia mezani, "Mama shikamoo, yule mhasibu wako yupo leo?"