Kongo: hofu ya ukomunisti na gharama ya kuuzuia

Machi 1947 Rais Harry Truman aliliomba Bunge la Marekani dola milioni 400 za kuzisaidia Ugiriki na Uturuki zisiangukie mikononi mwa wakomunisti. Huko Ulaya sera hiyo ya kuuzuia ukomunisti ni vigumu kuibeza. Mwaka uliofuata ukaja Mpango wa Marshall, yaani fedha za Marekani za kuijenga upya Ulaya, viwanda vikafufuka, na Ufaransa na Italia, pamoja na vyama vyao vikubwa vya kikomunisti, zikaendelea kupiga kura.

Kongo ni habari nyingine kabisa.

Watetezi wa sera hiyo wana hoja, tena nzito. Nchi ilipata uhuru kutoka Ubelgiji 30 Juni 1960; hata wiki mbili hazijaisha, jeshi limeasi na mwanasiasa Moïse Tshombe ametangaza kwamba Katanga, jimbo la shaba, limejitenga. Humo ndimo ulimo mgodi wa Shinkolobwe, ulikotoka sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya Marekani. Waziri Mkuu Patrice Lumumba alipoona Umoja wa Mataifa haumrudishii Katanga, aliomba ndege Moscow, akapewa. Mkubwa gani wa Washington angelala usingizi, na Castro wa Cuba naye keshaanza kuegemea upande huohuo?

Ila Julai hiyohiyo Lumumba alikuwa Washington akiomba msaada, akaambiwa apitie Umoja wa Mataifa. Mlango wa kwanza kubisha haukuwa wa Warusi. Agosti mkuu wa CIA (shirika la ujasusi la Marekani), Allen Dulles, aliagiza kwamba kumwondoa Lumumba kuwe jambo la haraka. Sumu ilipelekwa Léopoldville (Kinshasa ya leo), haikutumika. Septemba Kanali Mobutu, mkuu wa jeshi, akatwaa madaraka kwa muda, na 17 Januari 1961 Lumumba akapigwa risasi huko Katanga, maofisa wa Kibelgiji wakiwapo.

Hapa ndipo mimi nakwama na watetezi. Wakomunisti wenye bunduki walifika baada ya hapo. Wafuasi wa Lumumba waliosalia ndio waliochochea uasi wa Simba mwaka 1964, na Aprili 1965 Che Guevara, mwanamapinduzi mwenzake Castro, akavuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma na Wacuba wake, akijiita Tatu. Alichokikuta ni makamanda wasioonekana mstari wa mbele na wapiganaji walioamini dawa itageuza risasi kuwa maji. Novemba akaondoka, na simulizi yake mwenyewe inaanza kwa kukiri kwamba ni historia ya kushindwa.

Mtetezi atajibu: alishindwa kwa sababu alizuiwa. Ni kweli kiasi. Kulikuwa na mamluki wa Mike Hoare, na ndege zilizorushwa na Wacuba waliomkimbia Castro, kwa mshahara wa CIA. Wacuba kwa Wacuba, juu ya ardhi ya Wakongo! Lakini maelezo ya Che yanaonyesha vita iliyokuwa ikioza kwa ndani, ndege au bila ndege.

Ulaya ilipewa mitaji na ikaachiwa chaguzi zake. Kongo ilipewa Mobutu, kuanzia Novemba 1965 hadi Mei 1997. Alikaribishwa Ikulu ya Marekani na marais kadhaa, na kambi ya Kamina ikatumika kupitishia silaha za waasi wa UNITA kwenda Angola. Wizi wake ulijulikana miaka yote hiyo. Bunge la Marekani lilianza kumkatia misaada mwaka 1990, Ukuta wa Berlin ukiwa umeshaanguka.