Samaki Waliolazwa kwa Mama Barafu

Mkorosho uliotuzimia umeme ulikuwa mzee kuliko nyumba nyingi za mtaa wetu hapa Mtwara, na ulipoanguka usiku ule wa mvua za Machi uliangusha nguzo mbili, ukakata nyaya za barabara yote ya chini, na mwishowe, kwa mlio uliowaamsha hata wale wasioamshwa na adhana, ukaiunguza transfoma. Kulipokucha mafundi walifika, wakaitazama, wakatikisa vichwa, wakatueleza kwa upole kwamba nyingine ingeletwa kutoka mbali na kwamba njiani maji yalikuwa yamejaa. Hatukuwalaumu. Wazee walikumbushana tu kwamba gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982 si mbali na mji wetu, tangu 2015 husafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam bila kuzuiwa na mvua wala mkorosho, kisha wakaomba kibiriti.

Giza lenyewe tulilimudu. Vibatari vilitolewa uvunguni, na simu zikachajiwa kwenye pikipiki za vijana wa bodaboda, ambao waligundua kwamba kukaa kijiweni kunalipa kuliko kubeba abiria. Kilichotutia tumbo joto ni kitoweo. Mauzo ya korosho yalikuwa yamemalizika miezi michache tu iliyopita, na mwenye shamba akipata fedha hapa kwetu hununua mabati, kisha hununua friji. Kwa hiyo karibu kila nyumba ilikuwa na friji mpya iliyojaa changu, tasi, vibua na pweza, na zote zilikuwa zimeanza kutoa machozi sakafuni.

Mwenyekiti wa mtaa akaitisha kikao chini ya mwembe. Kijana mmoja aliyekuwa likizo kutoka chuoni alisimama akatufundisha kwamba friza iliyojaa pomoni, kama mfuniko wake haufunguliwi, hushikilia baridi kwa takriban saa 48, iliyojaa nusu saa 24, na friji ya kawaida kama saa nne tu. Hoja ilieleweka papo hapo: badala ya kila mtu kuoza na samaki wake, samaki wote wapelekwe kwenye friza moja kubwa, ijae, ifungwe, iachwe. Na friza kubwa kuliko zote ilikuwa ya Mama Barafu, anayewauzia watoto wa shule barafu za ubuyu na ukwaju. Fundi wa kuchomelea mageti akajitolea jenereta, kaya zikachanga petroli, na mimi, kwa kosa la kuonekana na kalamu mfukoni, nikateuliwa kuwa karani.

Ulizuka ubishi mfupi kuhusu mahali pa kuiweka jenereta. Fundi, kwa kuwaogopa wezi, alitaka iingizwe kwenye ukumbi wa Mama Barafu.

“Mwanangu,” Mama Barafu akamwambia, “moshi wa mashine hiyo huwaua watu wakiwa usingizini. Ilale nje, na wewe kama unaipenda ulale nayo.”

Ikalala nje, na fundi akalala nayo.

Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwezi Juni 2019, watu hufungasha vitu vyao kwa namna zisizo na idadi, na siku hiyo nilizishuhudia zote: viroba vya unga, makopo ya rangi, karatasi za khaki, hata kilemba kimoja. Kila furushi nililiandikia kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe na aina ya samaki, kwa mwandiko ambao mwenyekiti aliusifia hadharani. Mzee mmoja mvuvi, ambaye kwa kawaida husema maneno machache kwa mwaka, aliniletea furushi zito lililofungwa kwa kamba ya mshipi, akasema “ngisi”, akaondoka kwenda Msangamkuu, ambako angelala kwa ndugu zake na kuvua. Nami nikaandika “ngisi”.

Mpango ulikuwa mzuri, ila haukuwa umewafikiria binadamu. Friza ilitakiwa isifunguliwe, lakini kila baada ya muda mfupi mtu alibisha hodi kwa Mama Barafu akitaka kumjulia hali samaki wake. Mmoja alikuja kuhakikisha kwamba changu wake hajalaliwa na wa jirani. Mwingine, baada ya kuinua mfuniko, alianza kusimulia habari za msiba wa Newala huku ameuegemea, na hewa ya baridi ikamtoka Mama Barafu mlangoni kwa hisani kubwa. Jioni ya pili ikawa ndiyo siku ya mechi ya Simba na Yanga. Sitaki kuingia katika mjadala ulioendeshwa chini ya mwembe, kwa sababu uliwagawa hata watu wa nyumba moja. Inatosha kusema kwamba kwa kura nyingi runinga ilihamishiwa kwenye jenereta “kwa muda mfupi”, kwamba petroli ya usiku mzima iliishia hapo, na kwamba samaki hawakupewa nafasi ya kupiga kura.

Asubuhi tulipofungua, ndani mlikuwa na bwawa. Karatasi zangu zilikuwa uji, wino umechanganyika na maji ya pweza, khaki zimepasuka, na changu wa kaya zote wamelala pamoja kama ndugu. Wanawake wawili walimshika tasi mmoja, huyu kichwani na yule mkiani, kila mmoja akiapa kwamba anamtambua kwa sura. Mwenyekiti, baada ya kuona kwamba ushahidi wa sura haungefika mbali, akatoa hukumu: samaki wote wapikwe siku hiyo hiyo, mtaa mzima ule.

Mafiga yalipangwa, nazi zikakunwa, ugali wa muhogo ukasongwa kwenye sufuria za shughuli. Chakula kilikuwa kitamu, nami sina sababu ya kudanganya. Lakini sahani iliyopata sifa kuliko zote ilikuwa ya mchuzi wa ngisi, uliokuwa na chumvi kali na ukali mwingine ambao wapishi hawakuweza kuutaja. Mwenyekiti aliongezwa mara tatu. Akasema kwamba wapishi wa siku hizi wameisahau ladha kama ile.

Alfajiri iliyofuata mzee mvuvi alirudi, akaja moja kwa moja kwangu.

“Mwalimu, furushi langu liko wapi?”

“Shikamoo mzee. Wale ngisi tumewala.”

Akanyamaza, akinitazama kama mtu anayehesabu wendawazimu.

“Mmekula chambo changu?” akauliza. “Wale niliwatia chumvi tangu kaskazi ianze kuvuma.”

Kaskazi huanza kuvuma Desemba. Nilimpelekea mwenyekiti habari hiyo akiwa anapiga mswaki, akaendelea kupiga mswaki kwa muda mrefu sana. Kisha, kwa heshima ya cheo chake, akapendekeza tumchangie mzee fedha.

“Fedha samaki hawali,” mzee akajibu.

Hivyo basi, maji ya bamvua yalipokupwa, mwenyekiti, wajumbe wake wote na karani wao walionekana wamekunja suruali hadi magotini, wakichakura matopeni kutafuta kaa wadogo na pweza wa kujaza ndoo ya mzee, huku watoto wakitazama kutoka ufukweni. Tulikuwa tumefika nusu ya ndoo redio za mtaa zilipolia zote kwa pamoja na watu wakapiga kelele kwamba umeme umerudi. Wajumbe wakatimka. Mwenyekiti naye aliinua mguu, lakini mzee alikuwa amemshika kiuno cha suruali.

“Mheshimiwa,” akamwambia, “ndoo haijajaa, na wewe ndiye uliyeongezwa mara tatu.”