Mhandisi akiingia kwenye biashara hajaiacha taaluma yake

Kila msimu wa mahafali hapa Dodoma, wahitimu wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Dodoma wanapovua majoho na kuanza kutafuta maisha, huwa nasikia wazee wakisikitika kwamba kijana fulani aliyesomea uhandisi sasa anafanya biashara, kana kwamba ada yote iliyolipwa kwa kuuza mahindi na zabibu imepotea. Huzuni hiyo naielewa, kwa sababu najua mzazi alivyojinyima, lakini hoja yenyewe siikubali. Uhandisi ni namna ya kufikiri kabla ya kuwa kazi, na namna hiyo inahitajika sana katika uongozi wa makampuni na katika ufadhili.

Mfano ninaoutegemea ni wa Mo Ibrahim, Msudani aliyezaliwa mwaka 1946, akasomea uhandisi wa umeme Alexandria nchini Misri, kisha akaendelea Uingereza hadi kupata shahada ya uzamivu katika mawasiliano ya simu za mkononi. Mwaka 1998 alianzisha kampuni ya Celtel, wakati ambapo wawekezaji wengi waliogopa hata kuitaja Afrika. Msomaji wa Tanzania anaijua bila kuelezwa sana, kwani ndiyo iliyokuja kuitwa Zain na baadaye Airtel.

Minara na mitambo ilikuwa kazi ngumu, lakini kinachonivutia zaidi ni utaratibu aliouweka dhidi ya rushwa: malipo yoyote yanayozidi dola 30,000 yalipaswa kuidhinishwa na bodi ya wakurugenzi. Meneja aliyeombwa chochote na ofisa wa serikali aliweza kujibu kwa ukweli kwamba hana mamlaka hayo. Hapo ndipo ninapomwona mhandisi, mtu asiyeukabidhi uadilifu kwa moyo wa mfanyakazi mmoja bali anayejenga mfumo utakaohimili mzigo hata mtu huyo anapochoka au kutishwa. Kampuni iliuzwa mwaka 2005 kwa dola bilioni 3.4.

Mwaka uliofuata alianzisha taasisi yake ya hisani. Wengi huijua kwa tuzo ya dola milioni 5 wanayopewa marais wastaafu walioongoza vizuri na kuondoka madarakani kwa mujibu wa katiba, na wapo wanaouliza kwa nini fedha hizo zisipelekwe kwa maskini moja kwa moja. Swali hilo ni la haki, na kwa maoni yangu tuzo si sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote katika kazi yake. Yenye thamani zaidi ni faharasa ya utawala bora inayochapishwa tangu mwaka 2007, inayopima nchi za Afrika kwa takwimu za usalama, afya, elimu na uwajibikaji. Hata hivyo tuzo nayo ina nidhamu ya kipimo, kwa maana kuna miaka kadhaa ambayo kamati haikuona anayestahili na haikumpa mtu yeyote.

Nidhamu hiyo ndiyo ninayoikosa katika ufadhili wetu wa Kanda ya Kati. Mvua zetu ni za msimu mmoja, jiji lenyewe linategemea sana visima vya Mzakwe, na vijijini mfadhili anayechimba kisima hupokewa kwa ngoma. Anazindua, anapigwa picha, anaondoka. Pampu ikiharibika, kijiji hakina vipuri wala fundi, mfuko wa jumuiya ya watumia maji ni mtupu, na akina mama wanarudi kuchimba kwenye mchanga wa korongo. Nimeliona hili katika kijiji ninachokifahamu vizuri, na bado linaniumiza.

Mfanyabiashara aliyesomea uhandisi hana kisingizio cha kutoa kwa namna hiyo, kwa sababu alifundishwa kuuliza kisima kinatoa maji kiasi gani wakati wa kiangazi, maji hayo yana chumvi kiasi gani, na nani atafungua pampu ile baada ya miaka mitano. Ningependa wahitimu wetu waliofanikiwa kibiashara, kabla ya kuchimba kisima kipya, wagharamie matengenezo ya vile vilivyokufa, wasomeshe fundi mmoja kutoka kijiji chenyewe, na watangaze kila mwaka vingapi bado vinatoa maji na vingapi vimekauka.