Vijana wa Australia mahakamani: kesi iliyoshindwa iliacha nini?

Machi 15, 2022, jopo la majaji watatu wa Mahakama ya Shirikisho ya Australia lilifuta ushindi ambao wanafunzi wanane, jina la Anjali Sharma likiwa mbele, walikuwa wameupata Mei 2021 dhidi ya waziri wa mazingira katika kesi ya mgodi wa makaa ya mawe. Tangu hapo kesi yao hutajwa kila vijana wanapofikiria kwenda mahakamani kwa ajili ya hali ya hewa: walipiga kelele, wakashindwa, mgodi ukaruhusiwa. Hesabu hiyo imefungwa mapema mno.

Mgogoro ulihusu upanuzi wa mradi wa makaa ya mawe wa Vickery, wa kampuni ya Whitehaven, katika jimbo la New South Wales. Kibali cha mwisho kilikuwa mikononi mwa waziri wa mazingira, Sussan Ley, chini ya sheria ya mazingira ya 1999. Wanafunzi walidai kwamba anapoamua, waziri ana wajibu wa uangalifu kwa watoto wa nchi hiyo, kama ule alio nao dereva kwa mtu anayevuka barabara. Mtoto hawezi kuendesha kesi peke yake, hivyo alisimama kwa niaba yao Sista Brigid Arthur, mtawa wa Kikatoliki mwenye zaidi ya miaka 80. Jaji Mordecai Bromberg, katika hukumu ile ya Mei 2021, alikubali kwamba wajibu upo. Hata hivyo alikataa kutoa zuio, maana hakuridhika kwamba waziri angeukiuka. Kwa hiyo hata siku ya ushindi mgodi haukusimamishwa, na Septemba 2021 waziri aliuidhinisha.

Upande wa pili una hoja nzito. Jaji Mkuu wa mahakama hiyo, James Allsop, aliyekuwa kwenye jopo la rufaa pamoja na majaji Wheelahan na Beach, alisema suala hili ni la sera kuu za nchi, na mahakama haina vipimo vya kulipima. Jaji Wheelahan aliona sheria ya 1999 haijengi uhusiano wa aina hiyo kati ya waziri na watoto. Jaji Beach alikwama penye ukaribu: kibali kinasainiwa leo, madhara yanakuja baada ya miongo kadhaa, yakipitia moshi wa dunia nzima, na watakaodai fidia hawana idadi. Ukimfungulia mlango mmoja, utamzuia nani? Mtu anayepuuza swali hilo hajaielewa sheria ya uzembe, ile inayomtaka asiyechukua tahadhari alipie madhara. Wajibu usio na mpaka ni vigumu kuutekeleza, na waziri aliyechaguliwa huwajibika kwa wapigakura.

Lakini walalamikaji hawa hawakuwa wapigakura. Australia mtu hupiga kura akifikisha miaka 18, na Sharma alikuwa na miaka 16 kesi ilipofunguliwa mwaka 2020. Kumwambia aende kwenye sanduku la kura ni kumwelekeza kwenye mlango ambao sheria imemfungia.

Turudi kwenye ushahidi, kwa sababu hapo ndipo kesi hii inapoeleweka vibaya zaidi. Upanuzi ule ungezalisha takribani tani milioni 100 za hewa ukaa katika uhai wake wote. Upande wa serikali uliziona kuwa tone baharini. Zipime. Dunia nzima, kwa kuchoma makaa, mafuta na gesi, hutoa karibu tani bilioni 37 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365, unapata tani milioni 100 na ushei. Mradi mmoja, kibali kimoja, saini ya mtu mmoja, na uzito wake ni siku moja ya moshi wa viwanda, magari na mitambo yote ya umeme duniani. Kwa msomaji wa huku kwetu: Tanzania nzima haifikishi tani milioni 25 kwa mwaka kutokana na nishati hizo, kwa hiyo tunazungumzia zaidi ya miaka minne ya taifa zima. Sijui ni waziri gani mwingine ambaye kalamu yake inabeba kiasi hicho kwa asubuhi moja, halafu kiitwe kidogo.

Upande wa madhara, Bromberg alipokea ushahidi wa kitaalamu kwamba watoto milioni moja wa Australia waliopo leo wanatarajiwa kupatwa angalau mara moja na athari za joto zitakazowalaza hospitalini. Watoto wa nchi hiyo ni zaidi kidogo ya milioni 5. Katika darasa la wanafunzi 28, ni watano. Serikali haikuleta mtaalamu wa kuuvunja ushahidi wa hali ya hewa, na jopo la rufaa, pamoja na kutengua wajibu, halikusema kwamba sayansi ile ina kasoro. Allsop mwenyewe aliandika kwamba hatari hizo hazikubishaniwa. Kilichoanguka ni daraja la kisheria kati ya ukweli na waziri. Ukweli wenyewe umebaki kwenye kumbukumbu za mahakama.

Kosa la mkakati lilikuwepo, na halifai kufichwa. Kesi iliomba wajibu mpya kabisa, kwa kundi la mamilioni, ikitumia mgodi mmoja. Uamuzi wa jopo sasa unamfunga kila jaji anayekaa peke yake katika mahakama hiyo. Ndiyo sababu uamuzi wao wa kutokwenda Mahakama Kuu ya Australia, ngazi ya mwisho, ulikuwa wa busara kuliko unavyoonekana. Jaji Beach alikuwa ameandika kwamba kuotesha mbegu mpya za wajibu wa aina hiyo ni kazi ya Mahakama Kuu. Wangekwenda wakashindwa tena, shamba lenyewe lingefungwa. Waliliacha wazi.

Ilinganishe na kesi ya jimbo la Queensland. Kundi la vijana la Youth Verdict, Murrawah Johnson akiwa miongoni mwa viongozi wake, lilipinga mradi wa Galilee wa kampuni ya Waratah Coal. Huko sheria inaruhusu mwananchi kuweka pingamizi dhidi ya maombi ya mgodi, pingamizi linasikilizwa na Mahakama ya Ardhi, na mashahidi wa kampuni wanahojiwa. Queensland pia ina Sheria ya Haki za Binadamu ya 2019. Vijana hawakuhitaji kubuni wajibu wowote. Waliutumia uliokwisha andikwa. Mahakama ilisafiri hadi visiwa vya Torres Strait kuwasikiliza wenyeji kwenye ardhi yao. Novemba 25, 2022 Rais wa mahakama hiyo, Fleur Kingham, alipendekeza mradi ukataliwe, akitaja haki ya kuishi, haki za watoto na haki za kitamaduni za wenyeji. Ile hoja kwamba tusipouza sisi watauza wengine, ambayo waziri Ley aliiegemea kwa Vickery, Kingham aliikataa. Lilikuwa pendekezo, si amri, lakini mwaka 2023 mradi ulinyimwa kibali cha mazingira.

Tofauti ya kesi hizi mbili haiko katika ukomavu wa vijana. Queensland, Victoria na eneo la mji mkuu Canberra zina sheria ya haki za binadamu. New South Wales haina, na serikali ya shirikisho haina. Watoto wa Vickery walilazimika kujenga kwa mikono mitupu.

Wakosoaji waliwaambia waende bungeni. Walikwenda. Mwaka 2023 Seneta David Pocock, akifanya kazi na Sharma, aliwasilisha muswada unaowataka watoa vibali waweke afya na ustawi wa watoto mbele wanapoamua juu ya miradi yenye moshi mkubwa. Mwaka 2024 kamati ya Seneti ilipendekeza usipitishwe.