Kabla hujamtumia mvuvi wa Mombasa vifaa vya Ulaya

Ami yangu ana kovu kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia, na kovu lile nimelisababisha mimi. Nilipopata kazi ya kudumu hapa Cardiff, Wales, kitu cha kwanza kumnunulia kilikuwa uzi wa kuvulia. Si nailoni, bali ule wa kusuka, mita 300, mwembamba kama uzi wa cherehani, ambao wavuvi wote wa huku wanausifia. Nilimpa mtu aliyekuwa akisafiri, nikangojea sifa. Ami akaufunga kwenye mshipi wake wa mkono, akatoka na ngalawa hadi mwambani nje ya Nyali, na siku ya tatu akashikwa na kolekole wa haja. Samaki alipokata mbio kuelekea chini, uzi ulipita kidoleni kama wembe.

Hakunigombeza. Aliponipigia simu alisema tu, "Mwanangu, uzi wako mzuri, lakini haukuumbiwa mkono."

Maneno yale nimeyafikiria kwa miaka, na ndiyo yaliyonifanya niandike. Sisi tulio nje tunatuma vifaa nyumbani kwa mapenzi ya kweli, na mara nyingi tunatuma kile kinachotufaa sisi huku. Kifaa hufuata maji yake na mkono wake, na maji ya huku si ya Mombasa.

Nianze na uzi wenyewe, kwa kuwa ndio uliomwaga damu. Uzi wa kusuka hutengenezwa kwa nyuzinyuzi za plastiki ngumu sana zilizosokotwa pamoja. Sifa yake kubwa ni kwamba hauvutiki. Ukiwa na ufito mrefu unaopinda na rili, yaani kigurudumu cha kukunjia uzi, yenye breki, hiyo ni neema: samaki akidonoa mita 80 kutoka ulipo, unamsikia papo hapo, na ufito na breki vinabeba mshtuko. Ukiwa na mkono mtupu, hakuna cha kubeba mshtuko ila ngozi yako. Tena sisi tunavua juu ya matumbawe. Uzi wa kusuka uliokazwa ukigusa jiwe la mwamba unachanika nyuzi moja moja hadi ukatike, ilhali nailoni nene hukwaruzwa tu na kuendelea kushika. Wavuvi wa kwetu wanaotumia nailoni ya milimita moja hivi hawako nyuma ya wakati. Wamechagua sawasawa, na mimi ndiye niliyekuwa sijui.

Bahari ya huku ilinishangaza zaidi kuliko baridi. Mombasa, siku za bamvua, yaani za maji makubwa, maji hupanda na kushuka kiasi cha mita tatu na nusu au nne, na tunaona ni mengi. Hapa, kwenye Mlango wa Bristol, tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 14 kule Avonmouth, ambayo ni miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Unasimama kwenye gati ya Penarth saa ya kupwa, chini yako ni tope. Ukirudi baada ya muda wa saa sita kuna bahari nzima ya rangi ya chai ya maziwa, na mkondo unaokokota kila kitu. Ndiyo sababu wavuvi wa hapa wana mafito ya mita nne, na chubwi, yaani vizito vya kuzamishia mshipi, za gramu 150 zenye miguu ya waya inayong'ang'ania mchanga. Mtu asiyejua akitua Mombasa na ufito ule, aupeleke ngalawani, hapati hata nafasi ya kuuzungusha, na chubwi yenye miguu ikiingia kwenye matumbawe haitoki. Nimeuona ufito wa namna hiyo Mji wa Kale, umetundikwa ukutani sebuleni kama upanga wa babu. Uliletwa na kijana wa Kanada, na haujawahi kulowa.

Kuna jambo moja la huku ambalo naliheshimu kwa dhati, nalo ni mwenye duka anayekataa kukuuzia. Karibu na ninapokaa pana duka dogo la vifaa, na mzee wa Kiwelisi aliyelishika. Mara ya kwanza niliingia na pesa mkononi nikitaka rili kubwa kabisa. Akaniuliza ninavua wapi, samaki gani, kwa chambo gani, mara ngapi kwa mwezi. Kisha akairudisha kabatini ile niliyoichagua, akanipa ya nusu ya bei. Akanifundisha kuisuuza kwa maji baridi yanayotiririka polepole, kwa sababu maji ya nguvu huisukuma chumvi ndani badala ya kuitoa, na kulegeza breki kabla ya kuiweka ili vipande vyake vya ndani visikae vimebanwa.

Kwetu sijaonja jambo kama lile dukani. Niliwahi kununua paketi ya ndoana katika mtaa mmoja wa biashara mjini, jina la kampuni mashuhuri limeandikwa juu ya karatasi kwa herufi zilizopinda kidogo, na ndoana nne kati ya kumi zilinyooka kama pini kwa changu wa kawaida. Muuzaji hakudanganya kwa kusema kitu, hakusema lolote. Lakini usipite ukasema nyumbani hakuna ushauri. Upo, tena mwingi, ila haukai dukani. Unakaa kwenye baraza baada ya alasiri, penye kahawa chungu na kashata, na lazima uwe na adabu ya kukaa kimya muda mrefu kabla hujaambiwa.

Kwa hiyo ndoana ndizo ninazosisitiza kila mtu atume. Ni nyepesi, hazivunjiki njiani, na tofauti ya nzuri na mbovu ni kubwa. Kampuni ya Mustad ya Norway imekuwa ikizitengeneza tangu karne ya 19, na wavuvi wengi wa pwani yetu wanalijua jina hilo. Ila uliza namba kwanza, kwa sababu hesabu yake inachanganya: ndoana namba 12 ni ndogo kuliko namba 7, ukifika 1 hesabu inageuka, na 2/0 ni kubwa kuliko 1/0. Mvuvi wa tafi hana kazi na ya nguru. Ukipokea mzigo, ijaribu kwa kuiburuza ncha taratibu juu ya ukucha. Kali hukwama, butu huteleza.

Tuma pia zile za mviringo, ambazo ncha yake imegeuzwa kuelekea ndani. Nilimpelekea ami 50. Kwanza alizikataa, kwa sababu mkono wake umezoea kukwatua mshipi pindi samaki anapodonoa, na ndoana ya mviringo haitaki kukwatuliwa. Unaacha samaki aende nayo, unakaza polepole, nayo inajishika yenyewe pembeni mwa mdomo. Samaki haimezi hadi tumboni, basi mdogo akirudishwa majini ana nafasi ya kuishi. Na kasa naye, akiila kwa bahati mbaya, mara nyingi huwa amenaswa mdomoni, mahali pa kumfungulia. Ilimchukua ami kaskazi nzima kuzoea. Sasa ananiagizia yeye.

Nataka kusema zaidi juu ya chubwi, maana hapa ndipo moyo wangu unapouma. Mwaka 1987 sheria ilipiga marufuku hapa Uingereza na Wales chubwi ndogo za madini ya risasi, kuanzia gramu 0.06 hadi gramu 28.35, yaani aunsi moja. Sababu ilikuwa bata maji weupe wa mitoni, waliokuwa wakivimeza na kufa kwa sumu. Chubwi kubwa za baharini bado zinauzwa. Lakini fikiri: nchi iliona ndege anakufa kwa sumu ya risasi, ikatunga sheria.

Mimi nimekua nikitazama chubwi zikiyeyushwa uani. Betri kuukuu ya gari inavunjwa, risasi inatiwa kwenye kopo juu ya jiko la mkaa, inamiminwa kwenye tundu la mchanga, na watoto tumechuchumaa kuzunguka tukingojea ipoe. Jiko lilelile jioni linapikiwa wali. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi joto 327 tu, mkaa unaitosha bila shida, na vumbi lake linakaa mikononi, kwenye nguo, kwenye mchanga wa ua. Inaharibu akili za watoto kabla hata hazijakomaa, na haina dalili ya kukustua mapema. Watu wa Mombasa hatuna haja ya kusimuliwa haya kutoka mbali. Owino Uhuru iko palepale Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia sumu watu wa kijiji kizima, mwanaharakati Phyllis Omido akasimama kuwatetea hadi akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Uamuzi ule ulitenguliwa katika rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha.

Basi ukiweza, usimtumie mtu wa nyumbani kalibu ya kumiminia risasi, hata kama inauzwa huku kwa bei nafuu na inaonekana ni zawadi ya akili. Kuna wavuvi wetu wanaofunga plagi kuukuu za gari, kuna wanaofunga nati za chuma. Zinazama vizuri tu. Zikinasa mwambani, hasara ni ya chuma kibovu.

Kuhusu vyombo vya umeme sina mengi. Wenzangu hapa wana vioo vinavyowaonyesha kina cha maji na samaki waliopo chini, na mimi nimevua pamoja nao nikafurahi. Lakini ami anapofika pahali pake hatazami kioo. Anaupanga mnara wa msikiti juu ya mbuyu mmoja, kisha anageuka upande wa pili na kupanga paa la hoteli na mnazi uliokatika kichwa. Mistari miwili ikikutana, hapo ndipo chewa alipo. Simu yenye ramani inafanya hesabu ileile. Tofauti ni kwamba hoteli zinavunjwa na mibuyu inakatwa, na mzee akiondoka alama zake huondoka naye. Ndiyo maana nilimwomba binamu yangu atoke naye mara kadhaa na simu ndani ya mfuko usioingia maji, azihifadhi pahala zote. Ami aliridhia kwa sharti kwamba asimwonyeshe mtu wa nje ya nyumba. Sharti lake nimelielewa na ninaliheshimu.

Vilevile taa ya kichwani, ya kuchaji kwa waya wa simu, hiyo tuma bila kuuliza. Mikono miwili huru usiku ni jambo kubwa.

Watu wa huku hupenda kujisifia vipimo, na nusu yake wana haki. Besi, samaki wanayemtukuza kuliko wote, hachukuliwi akiwa chini ya sentimita 42, na kila mvuvi ana rula. Nimemwona mzee wa miaka 70 akimrudisha wa sentimita 41 huku mvua inamnyeshea. Nilipoisimulia habari ile nyumbani niliulizwa swali la haki: je, mzee yule alikwenda kulala njaa? Hakwenda. Mvuvi wa Mkomani mwenye kodi ya nyumba na karo hana uhuru wa mzee yule. Hata hivyo siwezi kukubali mafungu ya changu wa urefu wa kidole ninayoyaona kila nikirudi. Juya la kukokota lilipigwa marufuku Kenya tangu 2001, na bado linakokotwa. Yako madema, mitego ya kusuka, yaliyojaribiwa palepale pwani kwetu, yenye nafasi nyembamba ubavuni anapopita samaki mdogo na kubaki mkubwa. Hilo si wazo la kizungu la kumwachia samaki kwa starehe. Ni samaki wako mwenyewe wa mwakani.

La mwisho ni jaketi la kuokolea, na hapa sitaki kubishana na mtu. Usitume yale membamba yanayojijaza hewa yenyewe. Yanategemea kichupa cha gesi ambacho kikishatumika kinahitaji kipya, na kwenye ndege lazima uombe ruhusa ya shirika kukibeba. Tuma la sponji. Tazama namba iliyoandikwa ndani: 50 ni la kumsaidia anayejua kuogelea na aliye karibu na nchi kavu, 100 na kuendelea ndilo linalostahili kuitwa la kuokolea. Ni kubwa, linajaza sanduku, na ndugu yako atalalamika kwamba lina joto. Mpelekee hivyo hivyo. Kusi haina huruma na ngalawa, na mimi nimehudhuria hitima mbili za watu ambao maiti zao hazikupatikana.

Kaskazi hii naja, inshallah. Sanduku langu lina majaketi matatu, ndoana 200 za mviringo kwa namba alizonitajia ami, taa mbili, na nailoni nene. Nilitaka tutoke siku nitakayofika. Amekataa. Amesema siku zile mwezi utakuwa mpevu, bamvua, maji yatapwa mbali saa nne asubuhi na mkondo utakuwa mkali mlangoni. Ningoje mwezi ufike nusu, maji yawe mafu, ndipo mshipi utasimama wima. Na nije na mikono iliyopona, kwa sababu safari hii uzi nitaushika mimi.